Kutoka Muleba hadi Bukoba: Nani Atamfundisha Fundi?

Kutoka Muleba kwenda Bukoba kuna njia mbili. Ya kwanza ni lami inayofuatwa na mabasi ya Mwanza. Ya pili ni ile ya zamani inayopanda Kamachumu, kisha ikateremkia Muhutwe na kuungana tena na lami. Nilipanda Noah ya njia ya pili. Haraka sikuwa nayo, na nilichokuja kutazama ni nyumba.

Nyumba za huku hujificha ndani ya migomba. Gari likipunguza mwendo kwenye kona ndipo unapoziona vizuri: matofali mekundu ya kuchoma, mabati, uwanja uliofagiliwa, na mbuni mmoja au miwili pembeni. Ukitazama kwa makini utaona nyingine zina mstari wa kijivu unaoanzia kwenye pembe ya dirisha na kushuka kwa vidato, tofali hadi tofali, mpaka karibu na msingi. Ni ufa uliozibwa kwa saruji. Katika mkoa huu, ufa wa namna hiyo kwenye nyumba ya zamani huhitaji kuulizia ulitokea lini.

Hata hivyo niliuliza. Mama aliyekaa karibu nami, kapakata kikapu cha parachichi, alinijibu bila kufikiri mara mbili.

"Jumamosi, waitu. Nilikuwa namenya ndizi za jioni. Nikasikia mngurumo, nikadhani lori la mchanga limegonga nyumba. Natoka nje niligombeze, lori silioni. Naona migomba inacheza na upepo hakuna."

Jumamosi hiyo ilikuwa tarehe 10 Septemba 2016, ardhi ilipotetemeka saa 9:27 alasiri. Wataalamu wa Marekani walilipima tetemeko kuwa na ukubwa wa 5.9, wataalamu wetu wakasema 5.7. Kitovu chake kilikuwa upande wa Missenyi, karibu na mpaka wa Uganda, na kiini chake kilomita 40 hivi chini ya ardhi. Taarifa rasmi za serikali za siku zile zilitaja vifo 17 na majeruhi zaidi ya 400. Nyumba zaidi ya 2,000 zilianguka, na nyingine zaidi ya 14,000 zikawa hatari kuishi. Ng'ambo ya mpaka, wilayani Rakai, nako kulikuwa na msiba. Shule za sekondari Ihungo na Nyakato ziliharibika hadi zikafungwa.

Watu wengi wa Kagera walishangaa kwa sababu waliamini matetemeko ni ya wengine. Imani hiyo ilikuwa na msingi wake. Bonde la Ufa lina matawi mawili. La mashariki linapita Natron na Manyara. La magharibi linatoka kaskazini mwa Uganda, linafuata maziwa Albert, Edward, Kivu na Tanganyika hadi Rukwa na Nyasa. Katikati ya matawi hayo kuna pande kubwa la miamba ya kale na ngumu, na juu yake limekaa Ziwa Victoria. Bukoba ipo kwenye pande hilo, mbali na bonde lenyewe. Lakini pande hilo linavutwa huku na huku, na ndani yake kuna nyufa za zamani ambazo zinaweza kuteleza siku yoyote. Kiini kikiwa kirefu kama kile cha 2016, mtikisiko husambaa eneo pana, na ndiyo maana Kampala, Kigali na Mwanza waliusikia.

Tena lile la Kagera halikuwa kubwa kwa vipimo vya ukanda wetu. Tetemeko la Toro, magharibi mwa Uganda, la mwezi Machi 1966, lilizidi 6.5 na kuua watu wapatao 150. Lile la Rukwa la Desemba 1910 linakadiriwa kufikia 7.4. Kila hatua moja ya kipimo ni nishati mara 32 hivi, kwa hiyo lile la Rukwa lilitoa nishati takriban mara 180 ya hili lililobomoa nyumba za Hamugembe, kata ya mjini Bukoba. Waliokufa Bukoba waliuawa na kuta, na kuta hizo tulizijenga sisi wenyewe.

Noah ilipofika Kamachumu nilishuka. Hapa juu kuna hospitali ya Ndolage, ambako mwaka 1983 walitambuliwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini. Nilitaka kupita hapo kwa sababu Kagera haijaanza leo kufundishwa juu ya maafa. Mkoa huu ulipigwa na UKIMWI kabla wengine hawajaujua, ukafundishwa na kufundishwa tena, kanisani, msikitini, kilabuni na msibani, mpaka bibi asiyejua kusoma akaweza kumweleza mjukuu wake namna ugonjwa unavyoambukizwa. Miaka arobaini baadaye, Machi 2023, homa ya Marburg ilipotangazwa Bukoba Vijijini, katika kata za Maruku na Kanyangereko, iliua watu sita, na tarehe 2 Juni ikatangazwa kwisha. Madaktari walifanya kazi yao, lakini ndoo za maji kwenye malango na wahudumu wa afya waliopita nyumba kwa nyumba vilifanya kazi isiyo ndogo.

Magonjwa hayo yalikuwa na watu wa kuyafikisha majumbani: mganga mfawidhi, muuguzi wa zahanati, mhudumu wa kijiji. Mtaalamu wa Dar es Salaam au Geneva alisema neno, na kesho yake lilikuwa limefika kitongojini kwa Kihaya. Tetemeko halina zahanati. Mtaalamu wa miamba yuko Dodoma, katika Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, na kati yake na yule mama wa parachichi hakuna muuguzi. Nikashuka mlima kuelekea Muhutwe nikijiuliza ni nani angeshika nafasi hiyo.

Nilimpata Hamugembe.

Ukifika Bukoba kwa barabara ya Muleba unapita Kemondo, Kyetema na Rwamishenye, halafu barabara inateremka na ziwa linafunguka mbele yako. Hamugembe ni mojawapo ya kata zilizoumizwa sana 2016. Sasa hivi imejaa nyumba mpya. Katika kiwanja kimoja fundi mwashi wa makamo alikuwa anapandisha kozi za matofali na vijana wawili wakimsaidia, mmoja kwenye karai, mwingine kwenye pipa la maji. Nilimsalimu, nikamweleza nilichokuja kutafuta. Aliweka mwiko chini, akaniambia nimfuate nyumba ya jirani.

Ilikuwa nyumba ya zamani, nadhifu kwa nje, imepigwa nili ya saruji kwenye kila kiungo cha tofali. Fundi akachukua msumari, akakwangua kiungo kimoja. Saruji ikatoka ganda jembamba, si zaidi ya upana wa kidole. Nyuma yake kulikuwa na udongo mtupu. Akausugua kwa kidole ukamwagika chini kama unga.

"Umeona? Nje saruji, ndani udongo. Mwenye nyumba anajua ana nyumba ya saruji. Tetemeko lenyewe halidanganyiki."

Kisha akanirudisha kwenye kazi yake na kunionyesha kitu kingine. Juu ya milango na madirisha alikuwa ameshafunga boksi la mbao kuzunguka nyumba nzima, na ndani yake zimelala nondo nne zilizoshikwa na ringi kila baada ya kipimo cha shibiri moja. Kwenye kila pembe nondo hazikuishia ukutani. Zilikunjwa zikaingia ukuta wa pili, zikafungwa kwa waya.

"Huu ndio mkanda," alisema. "Siku ile nilizunguka mtaa mzima kutazama zilizoanguka. Zote zilianza kuachana kwenye pembe. Ukuta huu unaenda kwake, ule unaenda kwake, katikati paa halina wa kulishika. Na ule ukuta wa pembetatu unaobeba kichwa cha paa ndio ulitangulia kuanguka. Mkanda unazifunga kuta nne kama kamba inavyofunga mzigo wa ndizi. Ukitikisa, unatikisa mzigo mzima."

Nilimwuliza nani alimfundisha.

"Nyumba zilizoanguka," alijibu, akacheka kidogo. "Wataalamu walikuja, nilisikia redioni. Mimi nilikuwa kazini."

Jibu hilo lilinikaa kichwani kuliko yote niliyosikia katika safari ile. Baada ya tetemeko wataalamu wa jiolojia walifika Kagera, wakakagua, wakaeleza kwa nini ardhi ilitikisika na wananchi wafanye nini ikitikisika tena. Kazi hiyo ilihitajika sana. Siku zile uvumi ulienda kasi kuliko gari. Kila jioni alizuka mtu wa kutabiri saa ya tetemeko la pili, na watu wakalala nje kwa wiki kadhaa. Kumsikia mtaalamu akisema wazi kwamba duniani kote hakuna anayeweza kutaja siku wala saa ya tetemeko kulituliza wengi. Lakini elimu ile iliwalenga wananchi kwa ujumla, na fundi alikuwa kazini.

Tena wakati ule ndipo fundi alikuwa na kazi kubwa kuliko wakati wowote. Serikali ilieleza bayana kwamba haitamjengea kila mtu nyumba, na kwamba michango itaelekezwa kwenye miundombinu ya umma. Ihungo ikajengwa upya kwa msaada wa serikali ya Uingereza. Watu binafsi wakarudi kwenye viwanja vyao na walichokuwa nacho. Maana yake ni kwamba maelfu ya nyumba za Kagera zimejengwa upya kwa makubaliano ya watu wawili tu, mwenye nyumba na fundi, wakiwa wamesimama juu ya kifusi.

Katika makubaliano hayo mkanda huwa na wakati mgumu. Fundi aliniambia kwamba hesabu ikizidi, mteja haondoi vigae vya sebuleni wala madirisha ya aluminiamu. Anaondoa nondo, kwa sababu nondo hazionekani. "Ananiambia, fundi, weka mbili badala ya nne, Mungu yupo. Nikikataa anamwita mwingine."

Kesho yake nilikwenda katika shule moja ya msingi mjini. Mwalimu wa zamu alinikaribisha darasani wakati wa mapumziko, akaniambia nitazame mlango. Ulikuwa mmoja, unafunguka kwa ndani, na darasa lilikuwa na madawati yaliyobanana hadi ukutani.

"Tulifundishwa kwamba mtoto aingie chini ya dawati, ajikinge kichwa, ashikilie," alisema. "Ni sawa. Lakini dawati letu ni la watoto watatu, na chini yake kuna ubao wa kuwekea madaftari. Anaingia nani?"

Shule yake imejitafutia jibu. Madawati yamesogezwa mbali na ukuta wa nje kwa hatua moja. Walio karibu na mlango wanafundishwa kutoka mara moja kwenda katikati ya uwanja, mbali na majengo na nyaya za umeme. Walio mbali wanajikunja kando ya dawati, kichwa chini, mikono shingoni, wakisubiri mtikisiko uishe kabla ya kutoka kwa mstari. Kengele ikipigwa mfululizo bila kukatika, kila mtoto anajua ni zoezi la tetemeko.

Hapo niliona faida ya elimu kupita mikononi mwa mtu anayelijua darasa lake. Kanuni ya kuingia chini ya meza imepata umaarufu katika nchi ambazo nyumba nyingi ni za mbao au za zege lenye nondo, ambako jengo husimama na vinavyoanguka ni makabati na vioo. Kwetu paa ni bati jepesi, na kinachoua ni ukuta wa matofali mazito. Ushauri wa Bukoba lazima uanze na ukuta: uko umbali gani nao, na mlango uko hatua ngapi. Mtaalamu wa mitetemo analijua hilo, mwalimu naye analijua, lakini wawili hao hawana siku ya kukutana.

Wazee wa Kihaya walilala katika msonge, nyumba ya miti iliyokunjwa na kuezekwa nyasi kutoka kilele hadi chini. Sina nia ya kumrudisha mtu huko. Ila msonge ulikuwa mwepesi, na viungo vyake vilifungwa vyote pamoja. Tulipohamia kwenye tofali tulichukua uzito wake, tukasahau kufunga.

Tetemeko la 2016 lilitukuta Jumamosi mchana, madarasa yakiwa hayana watu na wengi wakiwa nje, sokoni na mashambani. Lingepiga Jumanne saa nne asubuhi, au usiku wa manane, hesabu ya misiba ingekuwa nyingine kabisa. Huwezi kupanga maisha ya mkoa kwa kutegemea kwamba tetemeko lijalo nalo litachagua Jumamosi.

Kituo changu cha mwisho mjini kilikuwa ofisi ya mtaa. Mwenyekiti aliniambia kwamba kamati ya maafa ipo, na kisheria inapaswa kuwepo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inaziweka kamati hizo kuanzia taifa, mkoa na wilaya hadi kata, kijiji na mtaa. Nikamwuliza kamati yake ina nini. Akafungua mtoto wa meza, akatoa daftari la shule lenye jalada la bluu. Ndani ameandika kwa mkono majina ya wazee wanaoishi peke yao, nyumba zenye wagonjwa wasioweza kutembea, nani ana ngazi, nani ana msumeno wa chuma, nani ana pikapu na namba yake ya simu.

"Zimamoto watakuja," alisema, "lakini kwanza tutakuja sisi."

Watu wa Bukoba hawahitaji kuhubiriwa hilo. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilipoangukia ziwani karibu kabisa na uwanja, ikiwa na watu 43, waliotangulia kuifikia ni wavuvi na mitumbwi yao. Watu 24 walitoka hai, 19 wakafariki. Tangu siku hiyo kila mtu mjini anajua kwamba anayekuwa karibu ndiye mwokoaji wa kwanza, na kwamba angeokoa wengi zaidi kama angefundishwa na kupewa vifaa mapema.

Daftari lile la bluu lilikuwa na pengo moja. Lilikuwa na wazee, wagonjwa na ngazi, lakini halikuwa na mafundi. Mwenyekiti anawajua wote kwa majina, wanajenga mbele ya macho yake kila siku, ila hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mafundi nao ni sehemu ya maafa.

Sehemu nyingine duniani wamejaribu kuufupisha umbali kati ya mtaalamu na mtaa. Mwaka 2014 jiji la Los Angeles lilimchukua Lucy Jones, mtaalamu wa matetemeko wa taasisi ya jiolojia ya Marekani, akafanya kazi ndani ya ofisi ya meya kwa mwaka mmoja. Alikutana na wenye majengo, wahandisi, wapangaji na watu wa maji na simu, akiwaeleza kwa lugha yao nini kingevunjika na kwa gharama gani. Desemba mwaka huo meya alitoa mapendekezo, na Oktoba 2015 jiji likapitisha sheria ya kuwalazimu wenye maelfu ya majengo dhaifu kuyaimarisha. Sayansi ile ilikuwepo kwenye vitabu miaka mingi kabla. Kilichobadilika ni kwamba mwenye sayansi na mwenye mhuri walikaa meza moja kwa muda wa kutosha.

Bukoba si Los Angeles, na hakuna haja ya kumleta mtu Hamugembe na ripoti nene. Kinachohitajika hapa ni kidogo, na kila mwenye sehemu yake tayari yupo. Taasisi ya jiolojia ina wataalamu. Manispaa na halmashauri za wilaya zina wahandisi na zinatoa vibali vya ujenzi. VETA ina vyuo na walimu wa uashi. Mitaa na vijiji vina wenyeviti na kamati. Redio za hapa zina wasikilizaji mpaka visiwani. Kwa sasa hawa wote hukutana ardhi inapotikisika, wakaachana vumbi linapotua. Mjini watu bado hutoka nje mbio lori zito likipita usiku, maana aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hofu hiyo ipo tele. Haijageuzwa kuwa nondo.

Kwa hiyo nasema hivi. Wataalamu wa Dodoma na halmashauri za Kagera wawe na siku ya kudumu ya kukutana kila mwaka, na 10 Septemba inafaa kuliko nyingine. Shule zote zipige kengele ya zoezi siku hiyo. Mafundi waitwe na posho ya kutwa iliyopotea, maana fundi hawezi kuacha kazi aje kusikiliza bure, wafundishwe kwa kujenga pembe moja ya nyumba na kuifunga mkanda, kisha majina yao yaandikwe katika daftari la kila mtaa. Na mhandisi anayetoa kibali aje kutazama siku moja tu, siku nondo zikiwa bado wazi ndani ya boksi. Zege likishamwagwa hakuna atakayejua zilikuwa nne au mbili.

Nawe unayejenga Bukoba, Muleba, Missenyi au Karagwe mwaka huu, usisubiri mkutano huo. Pesa ikipungua, acha vigae, acha rangi, hamia nyumba haina dari. Mkanda usiuguse. Vigae utaweka mwakani. Mkanda hauna mwakani.